KeyStep ya Arturia: kibodi bubu inayojua kuchambua kodi

Nianze na linalowakwaza wengi: KeyStep, kibodi ndogo ya kampuni ya Arturia, haitoi sauti. Haina spika, haina tundu la hedifoni, haina hata mlio wa kengele ndani yake. Ukiiwasha ukabonyeza, unachosikia ni plastiki tu. Kazi yake ni kutuma amri kwa chombo kingine, iwe sinthesaiza (chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme), moduli ya sauti au programu ya kompyuta: piga noti hii sasa, iachie sasa. Kama huna chombo cha pili cha kupokea amri hizo, hifadhi hela yako.

Mimi niliitaka kwa jambo moja tu, apejio. Yaani badala ya kushindilia do, mi na so kwa pamoja, unazipiga moja baada ya nyingine, na sikio linazikusanya lenyewe mpaka lisikie kodi, yaani noti kadhaa kama kitu kimoja. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, na nina wanafunzi ninaowafundisha. Sasa, mtu wa kwaya amezoea kodi inayoanguka kama tofali: sauti nne kwa mpigo mmoja, soprano juu, besi chini, twende. Mwambie aitawanye kodi ileile, vidole vinamgomea. Noti anazijua zote. Asichojua ni aanze na ipi, arudi kwa njia gani, na kila moja ifike saa ngapi. KeyStep imeyachukua maswali hayohayo na kuyaweka usoni pake, kila swali na kidude chake cha kuzungusha: kimoja cha utaratibu wa noti, kimoja cha mgawanyo wa mapigo, kimoja cha kasi. Unazungusha, unasikia tofauti papo hapo. Kwa mwalimu hilo ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za matangazo.

Umbo lake nitalipitia haraka. Imekuwapo sokoni tangu 2016. Ina vibonye 32 vyembamba, vinavyohisi nguvu ya kidole na pia mkandamizo unaoongezwa baada ya kibonye kufika chini. Upande wa kushoto kuna kanda mbili za kugusa, moja ya kupinda sauti na nyingine ya kuitetemesha. Nyuma kuna matundu ya MIDI (lugha ya vyombo ya kutumiana amri hizo) ya kuingia na kutoka, USB, tundu la pedali, na matundu ya volti kwa wenye sinthesaiza za kizamani au za moduli. Umeme inauchukua kwenye USB, kwa hiyo kompyuta ikiwapo hakuna haja ya waya mwingine. Ni nyepesi, inaingia kwenye begi la mgongoni, na imenipa picha ya kitu kitakachodumu. Basi, umbo limekwisha.

Ila wembamba wa vibonye unastahili maneno zaidi, maana ndio unaolalamikiwa kila mahali. Walalamikaji wana haki. Mkono uliozoea kinanda kamili unapotafuta oktava (kutoka do hadi do inayofuata) hapa unapitiliza, na kupiga wimbo wa sauti nne kwa mikono miwili juu ya vibonye 32 ni kusukumana viwiko. Sithubutu kuibeba kwenda nayo kwenye ibada. Lakini kwa apejio wembamba huo umegeuka kuwa faida, na sijaona mtu akilisema hili. Mashine ndiyo inayokimbia. Mkono wako una kazi ya kushikilia tu. Vidole vyangu ni vifupi, na kwenye kinanda cha kawaida siwezi kushika do ya chini pamoja na mi ya oktava ya juu yake kwa mkono mmoja. Hapa naishika bila kujinyoosha. Nafasi hiyo pana, do chini, so katikati, mi juu kabisa, ndiyo inayoifanya apejio ipumue. Ukizibana noti tatu ndani ya nafasi ndogo, hasa kule chini kwenye besi, unapata uji.

Sasa tuingie kwenye utaratibu wa noti, maana hapa ndipo penye utamu. Kidude kina vituo vinane. Cha kwanza ni kupanda, cha pili ni kushuka. Halafu vinafuata viwili ambavyo watu wengi huvipita bila kuvitofautisha, vilivyoandikwa Inc na Exc. Vyote viwili hupanda na kushuka. Tofauti ni kwamba Inc hurudia noti za ukingoni na Exc hairudii. Ukishika do, mi, so, Inc inapiga do-mi-so-so-mi-do, kisha inaanza tena na do, kwa hiyo unasikia so mbili kule juu na do mbili kule chini. Exc inapiga do-mi-so-mi, do-mi-so-mi. Ukisoma unaona kama ni jambo dogo. Ukisikia, ni vitu viwili visivyokaa nyumba moja: cha kwanza kinachechemea kila kinapogeuka, cha pili kinazunguka bila mshono.

Tena kuna hesabu iliyojificha humo. Chukua kipimo cha mapigo manne na uweke noti za 1/16. Kipimo kimoja kinabeba noti 16. Exc yenye noti tatu za kushikilia inatoa mzunguko wa noti 4, na 16 kugawanya kwa 4 hakuna baki, kwa hiyo kila kipimo kinaanza na do na hakuna anayeshtuka. Rudi kwenye kupanda tu, do-mi-so, mzunguko ni wa noti 3, na 16 kugawanya kwa 3 kunabaki moja. Ukiendelea kushikilia kodi hiyohiyo, kipimo cha kwanza kinaanza na do, cha pili kinaanza na mi, cha tatu na so, na cha nne ndipo do inarudi mahali pake. Mkazo wa ngoma uko palepale, lakini noti inayoangukia mkazo inahama. Wapigaji wa dansi la kielektroniki huipenda hali hiyo na huitafuta kwa makusudi. Mwimbaji anayesubiri do yake ili aingie huichukia. Dawa iko kwenye kidude cha pili, mgawanyo: vituo vyake ni 1/4, 1/8, 1/16 na 1/32, halafu tena vilevile kwa utatu, yaani noti tatu katika nafasi ya mbili. Weka 1/8 ya utatu, kipimo kinabeba noti 12, na kodi ya noti tatu inaingia mara nne kamili. Au ongeza do ya juu, kodi iwe na noti nne, na kupanda kwa 1/16 kunakaa sawa bila kugusa kitu kingine. Mwanafunzi akiyafahamu haya mawili, anaacha kuuliza kwa nini mashine "inapotea". Haipotei. Inahesabu kuliko yeye.

Kituo cha bahati nasibu, Rand, wengi hukiona cha mchezo. Mimi hukitumia kufundishia. Namshikilishia mwanafunzi kodi, naweka Rand, noti zinaruka ovyo ovyo, kisha namuuliza: kodi gani hii? Anajibu sawasawa bila shida. Hapo anaelewa kwa sikio lake kwamba utaratibu haubadili jina la kodi. Ukitaka kulibadili jina lazima ubadili noti. Unachobadilisha kwa utaratibu ni mwendo wake.

Vituo viwili vya mwisho, Up ×2 na Down ×2, hupiga kila noti mara mbili kabla ya kuendelea. Sivitumii. Vina kigugumizi.

Kilichobaki ni Order, na kama Arturia wangeniachia kituo kimoja tu ningechagua hicho. Hakipandi wala kushuka. Kinafuata mpangilio wako wa kubonyeza. Bonyeza do, halafu so, halafu mi, halafu do ya juu, na itazipiga hivyohivyo mpaka uchoke. Wapiga gitaa watajisikia nyumbani hapa, maana ndivyo mkono wao wa kulia unavyofanya kazi: dole gumba linachukua nyuzi za chini, kidole cha shahada, cha kati na cha pete vinagawana nyuzi tatu za juu, na uzuri wote umo katika nani anatangulia nani. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu Order, ndipo kwa mara ya kwanza niliona wanafikiri kabla ya kubonyeza, kwa sababu mashine inakumbuka uliyetangulia kumgusa na haikubembelezi.

Lakini Order ina ukuta, na ukuta huo ni wa kimaumbile. Kibonye ambacho kidole chako tayari kimekikalia huwezi kukibonyeza mara ya pili. Kwa hiyo ule mwendo wa besi unaobeba jina la Domenico Alberti, Mwitalia wa karne ya 18, do-so-mi-so, haupatikani kwa kushikilia noti tatu, maana so inatakiwa ije mara mbili katika kila mzunguko. Mwendo huo ni wa kawaida kabisa katika mkono wa kushoto wa muziki wa zama zile, mtoto wa mwaka wa pili wa kinanda anaupiga, na mashine yenye vituo vinane haiupati. Inabidi uhamie upande wa pili wa kifaa, kwenye sikwensa, sehemu inayorekodi mfuatano wa noti na kuurudia. Unarekodi hatua nne, do, so, mi, so, kisha unabonyeza noti nyingine na mwendo wote unahamia huko. Inafanya kazi vizuri kwa kodi kubwa (meja). Ukifika kwenye kodi ndogo (maina) unagundua kwamba kuhamisha ni kusogeza kila kitu kwa umbali uleule, mi haijishushi yenyewe nusu hatua, na unatakiwa urekodi mwendo mwingine.

Nilijaribu pia kuitwisha mzigo mkubwa zaidi, Preludi ya kwanza ya Bach katika C, ile inayofungua mkusanyo wake wa 1722. Kipande hicho ni apejio karibu mwanzo hadi mwisho. Karibu kila kipimo kina noti tano zinazopigwa kutoka chini kwenda juu, kisha tatu za juu zinarudiwa: moja, mbili, tatu, nne, tano, tatu, nne, tano. Jumla nane, na zote nane zinapigwa tena ili kipimo kijae. Ukishika noti hizo tano na kuweka kupanda, KeyStep inapiga tano kisha inarudi ya kwanza, mzunguko wa tano ndani ya kipimo cha kumi na sita, na kila kitu kinateleza. Sikwensa inaupata mwendo wenyewe, sawa, ila mfuatano mmoja una hatua 64, yaani vipimo vinne vya namna hiyo, na preludi ina vipimo 35. Siilaumu mashine kwa hilo, haikutengenezwa iwe Bach. Nilichojifunza ni kingine. Nilipokipiga kipande kwa mkono baada ya kusikia mashine ikikipiga, nilitambua kwamba mkono wa kushoto hauachii. Noti ya kwanza inabaki chini, ya pili inabaki chini, na zile tatu za mkono wa kulia zinakimbia juu ya kitu ambacho bado kinalia.

Hapo ndipo penye upungufu mkubwa wa apejieta hii (sehemu inayopiga apejio), na wa karibu kila apejieta niliyowahi kuigusa: inaiachia noti kabla haijapiga nyingine. Kidole kinaweza kukaa. Pedali ya kinanda inaweza kuzikusanya zote mpaka mwisho wa kodi. Mashine inapita noti kwa noti na kufunga mlango nyuma yake. Kuna njia ya kurefusha noti: ukishikilia kitufe cha Shift na kubonyeza vibonye vyenye maandishi madogo juu yake, unachagua noti ikae kwa sehemu gani ya muda wake. Urefu ukiwa mfupi inadonoa, ukiwa mrefu inateleza, lakini noti tano hazitalia pamoja kwa njia hiyo. Tiba ya kweli iko kwenye chombo kinachotoa sauti. Ongeza muda wa sauti kufifia baada ya kuachiwa, mpaka noti ya kwanza iwe bado inasikika ya tatu inapoingia, na apejio inageuka kodi tena. Ukizidisha, kodi ya zamani inaingiliana na mpya, na unarudi kwenye uji niliousema. Mtu akikuambia KeyStep "inasikika kavu", muulize kwanza sauti aliyounganisha inafifia kwa muda gani.

Kwa njia hiyohiyo ya Shift unapata pia swingi, yaani kuchelewesha kidogo kila noti ya pili. Kidogo tu kinatosha kuifanya mashine ikubalike mbele ya watu. Bila swingi kila noti inakuja kwa umbali sawa kabisa, na hakuna mpigaji mwenye damu anayepiga hivyo: mkono hupunguza mwendo kidogo ukikaribia noti ya juu, na huegemea besi. Maandishi yale madogo, lakini, yanahitaji macho ya kijana au taa nzuri. Jukwaani nisingeyategemea.

Kasi nayo inanifurahisha kwa sababu isiyo na faida yoyote. Kidude cha kasi kinafika mapigo 240 kwa dakika. Weka hapo, chagua 1/32 ya utatu, na utapata noti 12 kwa kila pigo, mapigo 4 kwa sekunde, jumla noti 48 kila sekunde. Kwa kasi hiyo sikio halihesabu tena. Linasikia kodi moja inayochemka. Kompyuta ya Commodore 64, ya 1982, ilikuwa na chipu ya sauti yenye sauti tatu tu, na watunzi wa muziki wa michezo walitaka kodi, besi, wimbo na ngoma vyote pamoja. Kwa hiyo waliibana kodi nzima ndani ya sauti moja kwa kubadilisha noti kila picha ya skrini ilipochorwa upya, mara 50 kwa sekunde katika mashine za Ulaya. Noti 48 za KeyStep ziko mlango wa pili. Unganisha na sauti ya mraba (ile kali ya michezo ya zamani) iliyo kavu, shika kodi, na mchezo wa zamani uko mezani kwako. Wanafunzi waliulizia kitu hicho kuliko Bach. Nimekubali.

Kuna kitufe kinachoitwa Hold. Ukikiwasha, apejio inaendelea hata ukiinua mikono, na ukiacha kidole kimoja chini unaweza kuongeza noti juu ya zile zilizopo. Ni kizuri kwa mtu anayetaka mikono yote miwili ageuze sauti kwenye sinthesaiza huku kodi ikiendelea, na kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Darasani nimekipiga marufuku. Mwanafunzi anashika kodi moja, anakiwasha, anaegemea kiti, na dakika zinakwenda huku mashine ikipiga na yeye akitikisa kichwa. Nikitaka kuisikiliza mashine nitaisikiliza peke yangu.

Zoezi tunalofanya badala yake ni hili. Naweka Exc, 1/8, kasi ya 60. Mashine inapiga kodi ya C, mwanafunzi anaipiga ileile kwenye kinanda kamili, oktava moja juu yake, kwa vidole vya kweli. Akishapatana nayo naigeuza iwe kupanda tu, bila kumwambia. Asiposikia mabadiliko anajikuta anashuka wakati mashine inaruka kurudi chini, na mgongano wa noti unamwambia. Kisha naongeza oktava ya pili upande wake, ambako lazima dole gumba lipite chini ya kidole cha tatu ili mkono usonge mbele. Hapo mashine haimsaidii tena, maana yenyewe haina dole gumba, ila inamzuia asichelewe kwenye kona hiyo. Metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, ingefanya nusu ya kazi. Haipigi noti.

Malalamiko yangu mengine mawili ni madogo. La kwanza ni swichi za nyuma zinazochagua mashine ifuate mapigo ya nani, yake yenyewe, ya USB, ya MIDI au ya tundu la mapigo ya nje. Ni ndogo kiasi kwamba unahitaji ncha ya kalamu, na ukiziacha vibaya apejio inanyamaza ikisubiri mapigo yasiyokuja. Anayeikuta hali hiyo aangalie hapo kwanza kabla hajalaumu waya. La pili ni kodi ya kumiminwa, ile ambayo katika noti za karatasi huwekewa mstari wa mawimbi pembeni: noti zinafuatana haraka sana mara moja tu, kutoka chini kwenda juu, kisha zinakaa zote. Kitu hicho KeyStep hii haina, na kwa nyimbo za taratibu ndicho ninachokihitaji kuliko mizunguko isiyokoma. Toleo kubwa lililofuata, KeyStep 37, limewekewa. Vibonye vyake bado ni vyembamba.

Kama unapiga gitaa na una sinthesaiza isiyojua apejio, inunue. Kama unafundisha, inunue, ila kitufe cha Hold kikae kimezimwa. Kama unatafuta kibodi ya kwanza ya kujifunzia kinanda, hapana, tafuta yenye vibonye vipana na sauti yake yenyewe. Na ukiipata hii, usianze na kupanda kama kila mtu. Anza na Order, noti nne, kasi ya 70, na ubadilishe noti ya kwanza tu.